Profesa mnoko au wanafunzi vilaza?

Wiki hii mambo ya mapenzi na mastaa tuyaweke kando kidogo. Nataka tumjadili mtu mmoja ambaye sijawahi kumwona hata kwenye picha, lakini nimesimuliwa habari zake hadi najua mkoba wake una rangi gani. Ni profesa wa uchumi. Jina silitaji na chuo sikitaji, maana likizuka soo mhariri wangu atanikana mara tatu kabla jogoo hajawika. Wewe jua tu kwamba yupo, anafundisha hadi leo, na kila mwaka wapo watoto wa watu wanaorudi kwao na mabegi kabla ya wakati kwa sababu ya somo lake.

Kama umewahi kukaa na wanachuo, lugha yao unaijua. Kuna sapu, huo ni mtihani wa kurudia. Kuna kukeri, hapo unaliburuza somo ulilofeli mpaka mwaka unaofuata kama mtu anayeburuza gunia la mkaa. Halafu kuna kudisco, baba lao. Hiyo ni kwamba chuo kimekuchoka, nenda nyumbani. Usidanganyike na jina, hakuna muziki humo ndani.

Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne, chuo nakijua kwa kusimuliwa. Lakini nimegundua kitu: ukitaka kujua wanafunzi wanamwonaje mwalimu, usiwafuate chuoni. Kule wanaangalia nyuma kwanza kabla ya kujibu. Wafuate kwao wakati wa likizo, wakiwa wameshiba ugali wa mama zao, utasikia yote.

Kwetu ni Kasulu, ingawa nimekulia Manzese. Mwezi wa nane nilipanda basi kwenda kwenye kikao cha ukoo, na ukishamaliza kuwaambia wazee wote "mwakeye", mmoja mmoja, kikao kinakuwa cha wakubwa na nyie vijana mnaachwa mzurure. Nikaangukia kijiwe kimoja karibu na stendi, kwa mama mmoja anayeuza chai ya tangawizi na maandazi. Wanachuo wa likizo ndipo wanapokusanyika. Siku ile walikuwapo wa Kasulu wanne na wawili waliotoka Kibondo, na bahati nzuri (kwangu mimi, siyo kwao) watatu kati yao walishapita mikononi mwa huyo profesa.

Wa kwanza kufunguka alikuwa kijana mmoja mtanashati, shati limenyooshwa, aliyesoma sekondari ya kulipia Dar. Huyo alisema profesa ana roho mbaya, basi. Hatoi desa. Mitihani ya miaka ya nyuma haikusaidii, maana swali halirudii. Kipindi ni saa moja asubuhi, ikifika saa moja na dakika mbili mlango umefungwa, hata kama daladala lako limepinduka. Sapu zake zikibandikwa zinajaza karatasi mbili, mbele na nyuma. "Yaani kaka, yule mzee akiona darasa zima limefaulu haumwi kichwa tu, analazwa kabisa!"

Watu wakacheka. Akaendelea. Siku moja profesa aliingia darasani, hakusalimia, akamnyooshea kidole jamaa wa mbele: "Kilo ya maharage kwenu leo shilingi ngapi?" Jamaa akaanza kueleza unyumbufu wa mahitaji, maana hiyo ndiyo mada waliyofikia. Profesa akamkatisha. Toka nje, mpigie mama yako simu, muulize, ukijua urudi. Jamaa akatoka kweli. Aliporudi na bei, profesa akamuuliza mwezi uliopita ilikuwa ngapi. Akatoka tena.

Mtanashati alikuwa anaisimulia kama ushahidi wa unyanyasaji. Mimi nikajikuta najiuliza: mtu amesoma uchumi miaka miwili sekondari na mwaka mzima chuoni, hajui bei ya maharage kwao, sasa anajua nini? Sikusema kitu. Nilikuwa mgeni na chai nilikuwa nimenunuliwa.

Dada mmoja wa Kibondo alikuwa kimya muda wote, anachovya andazi. Halafu akasema taratibu, "Mimi yule mzee nampenda." Kijiwe kizima kikageuka. We acha tu!

Akaeleza. Kwenye mtihani wa mwisho lilikuja swali ambalo wenzake wengi waliliruka. Watu laki moja wanaingia wilaya moja kwa muda mfupi, wanaletewa chakula cha msaada. Bei gani itapanda, gani itashuka, nani anafaidi, nani anaumia? Wenzake walilitafuta kwenye desa hawakuliona. Yeye alilikuta nyumbani kwao. Kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokuwa wanakimbia, alikuwa binti wa shule na mama yake alikuwa anauza ndizi za kupika. Aliona kwa macho yake ndizi zinapanda bei, maana ndizi haimo kwenye mgao, wakati unga wa mgao unauzwa sokoni kwa bei ya kutupa. Aliona vibarua wa shamba wanapatikana kwa hela ndogo, kwa hiyo mwenye shamba kubwa anachekelea na kibarua mwenyeji analia. Aliona mwalimu na karani wa pale mjini, watu wa mshahara, wanalalamika kuliko mkulima. Serikali ilipokuja kulifunga soko la pamoja, aliona pia upande wa pili wa hesabu hiyo, ndani ya sufuria ya mama yake.

Aliyaandika yote, akachora na michoro yake. Akapata B plasi. Baada ya matokeo, profesa akaliambia darasa kwamba watafiti wawili, Jennifer Alix-Garcia na David Saah, walichapisha mwaka 2010 utafiti juu ya wakimbizi wa Burundi na Rwanda walioingia magharibi mwa Tanzania mwaka 1993 na 1994. Walichokuta ndicho hicho hicho: vyakula ambavyo havikuwa kwenye msaada vilipanda bei sana, vya msaada vilipanda kidogo, na kaya za vijijini karibu na kambi zilinufaika kuliko za mjini. Dada anasema alikuwa amekaa nyuma kabisa na alitamani kusimama juu ya meza. Tangu chekechea hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza kitu ambacho jibu lake liko Kibondo.

Mtanashati akanuna. "Basi kwa sababu wewe ni mtu wa kambini!" Hapo pakataka kuzuka ngumi. Mama wa chai akaingilia kati na birika lake la moto, amani ikarejea.

Mwingine akaja na hoja ya kizalendo. Akasema watu wa Kigoma tusilalamike kuhusu walimu wakali wa uchumi, maana na sisi tumemtoa mmoja. Kweli bwana. Dokta Philip Mpango ni mzaliwa wa Buhigwe, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kasulu. Alifundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi Benki ya Dunia, Novemba 2015 akakaimishwa ukamishna mkuu wa TRA, Desemba akawa Waziri wa Fedha, na Machi 2021 akaapishwa kuwa Makamu wa Rais. Ukiwaangalia walimu wa uchumi wa pale Mlimani utagundua nchi hii huwezi kuwakwepa. Profesa Benno Ndulu, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018, ina maana saini yake umeilalia chini ya mto. Profesa Lipumba amegombea urais mara tano. Kwa hiyo ukimkimbia mwalimu wa uchumi darasani, usishangae ukamkuta kwenye noti au kwenye karatasi ya kura.

Sasa msomaji, mpaka hapo utadhani kesi imekwisha, profesa ameshinda. Nami nilidhani hivyo. Lakini mtoto wa shangazi yangu ni mmoja wa wale waliodisco kwenye somo hilo hilo, na yeye pale kijiweni huwa haji. Nilimfuata kwenye kibanda chake cha miamala, pale pale Kasulu mjini. Anatuma na kutoa hela za watu, anauza na vocha na chaja za simu.

Sekondari alichukua HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi. Hesabu alisoma BAM, ile ya nyongeza kwa wasiochukua hesabu kubwa. Shuleni kwao mwalimu wa hesabu alikuwa anaonekana kama mvua ya kiangazi. Na hilo si la shule yao peke yake. Matokeo ya kidato cha nne yanatoka kila mwaka na kwenye Hisabati walio wengi wanafeli, tumeshazoea kama tulivyozoea foleni ya Ubungo. Basi mtoto wa watu akafika chuoni, kwenye somo la profesa akakutana na kitu kinaitwa lamda, katika njia ya Lagrange ya kutafuta kikomo cha juu. Huyu Lagrange ni mwanahesabu aliyezaliwa Turin, Italia, mwaka 1736. Masikini hakujua kwamba siku moja atamkosesha mtu wa Kasulu mkopo.

Maana ukidisco, Bodi ya Mikopo haikupi tena bumu, lakini lile ulilokwishakula ni deni. Digrii huna, deni unalo. Kwa sheria ya mwaka 2016 mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na binamu yangu anasema afadhali hata angekuwa na huo mshahara wa kukatwa. Shangazi alikuwa ameuza mbuzi wawili na kipande cha kiwanja kumpeleka, kwa sababu mkopo haukumtosha. Nilimuuliza shangazi anamwonaje yule mwalimu. Akanitazama kwanza, halafu akauliza, "Ana watoto?" Nikasema sijui. Akarudi kupepeta maharage yake.

Nilitegemea binamu amtukane profesa. Hakumtukana! Alisema mtihani ulikuwa wa haki, hesabu ndiyo aliyokuwa hana. Ila kuna kitu kimoja mpaka leo hakijamtoka. Baada ya testi ya kwanza alikwenda ofisini kuuliza alipokosea. Palikuwa na watu wengine ndani. Profesa aliichukua karatasi, akaiangalia, akasema kwa sauti: "Aliyekupitisha BAM akamatwe." Watu wakacheka. Binamu akachukua karatasi yake, akatoka, na hakurudi tena kwenye ile ofisi mpaka siku anafunga begi.

Nikamkumbuka yule dada wa Kibondo. Naye alikuwa ameniambia kwamba alikwenda ofisi ile ile mara nne. Mara mbili alifukuzwa, moja kati ya hizo kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ya tatu profesa alimkalisha saa nzima, akamfundisha kwa kalamu na karatasi mpaka akaelewa. Ya nne alikwenda kusema asante, akaambiwa asipoteze muda wa watu.

Hapo ndipo mimi na washabiki wa profesa tunapoachana njia. Swali gumu, sawa. Mlango kufungwa saa moja, sawa, amka mapema. Kumpigia mama simu kuuliza bei ya maharage, hiyo mimi naipigia makofi mawili. Lakini yule dada amefaulu kwa sababu ana ngozi ngumu ya kuvumilia kufukuzwa mara mbili. Binamu yangu hana. Je, ngozi ngumu nayo ni somo la uchumi? Iko kwenye silabasi? Mtu aliyetoka sekondari ya kulipia, akichekwa ofisini ana baba wa kumtafutia mwalimu wa ziada jioni ile ile. Aliyetoka Kasulu na mbuzi wawili mfukoni akichekwa, kimekwisha. Mtihani unaweza kuwa mmoja kwa wote, lakini kile kicheko hakikuwapata wote kwa uzito mmoja. Na huyo profesa, anayejua kupima nani anaumia bei ya ndizi ikipanda, hili angeweza kabisa kulipima.

Jioni ya siku niliyokuwa naondoka nilipita kibandani kuaga. Nikamkuta binamu ameshafunga hesabu za miamala, taa inawaka, na mbele yake amekaa kijana wa jirani ambaye amechaguliwa kwenda chuo hicho hicho kusoma uchumi huo huo. Amesoma HGE naye. Binamu alikuwa anamfundisha kutafuta mnyambuliko wa X mraba nyuma ya daftari la miamala, pole pole, kama anavyomhesabia hela mteja asiyeona vizuri. Wanasoma kila jioni, na hamtozi hata senti.

Kijana akainua uso. "Kaka, hivi profesa mwenyewe yukoje?"

"Mkali," binamu akasema. "Lete hiyo kalamu. Hapo umesahau alama ya kutoa."