Bastola Iliyojikoki Yenyewe

Askari yeyote aliyepata kusimama kwenye mstari wa shabaha akiwa na bastola ya silinda anazijua njia mbili za kuifyatua, na anajua pia kwamba kila moja ina dosari yake. Njia ya kwanza ni kuikoki nyundo kwa dole gumba kabla ya kila risasi. Kifyatulio huwa chepesi na shabaha huwa njema, lakini mkono hulazimika kuhama mahali pake, na muda hupotea. Njia ya pili ni kuvuta kifyatulio kwa mkupuo mmoja, nacho kikainua nyundo, kikazungusha silinda na kufyatua, vyote kwa nguvu ya kidole kimoja. Hapo muda huokolewa, ila kidole kinafanya kazi nzito na mtutu huyumba wakati ule ule unaopaswa kutulia. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwapo mtu aliyeona kwamba mlengaji hapaswi kulazimishwa kuchagua baina ya dosari hizo mbili.

Mtu huyo alikuwa George Vincent Fosbery, ofisa Mwingereza aliyetumikia jeshi la India, aliyezaliwa mwaka 1832 na kutunukiwa nishani ya Victoria Cross kwa ushujaa aliouonyesha katika vita vya Umbeyla mwaka 1863. Silaha zilikuwa mapenzi yake. Mwaka 1885 alikuwa amekwisha kusajili bunduki iliyoitwa Paradox, ambayo mtutu wake ulikuwa laini isipokuwa mwishoni, ili iweze kupiga marisau na risasi pia. Miaka kumi baadaye, yaani 1895, akasajili wazo la bastola ya silinda inayojikoki. Kampuni ya Webley & Scott ya mjini Birmingham ililichukua wazo hilo, bastola ikaonyeshwa katika viwanja vya shabaha vya Bisley, Uingereza, mwaka 1900, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kwa jina la Webley-Fosbery.

Utendaji wake unastahili kuelezwa polepole, maana ndiko liliko jambo lenyewe. Bastola hiyo ina sehemu mbili zinazoweza kuachana. Sehemu ya chini ni mpini na kifyatulio, na hiyo hukaa tuli mkononi. Sehemu ya juu ni mtutu, silinda na nyundo, nayo imepandishwa juu ya reli. Risasi inapotoka, lile teke ambalo kila askari analijua huisukuma sehemu yote ya juu irudi nyuma, na katika kurudi nyundo inakokiwa. Juu ya silinda imechongwa mifereji ya zigizaga, na ndani ya mifereji hiyo hupita jino dogo la chuma lililokazwa kwenye sehemu ya chini. Kwa kuwa jino halisogei, ni silinda inayolazimika kugeuka. Hugeuka nusu ya hatua inaporudi nyuma, kisha springi inapoirudisha mbele humaliza nusu iliyobaki. Chumba kipya kikawa mbele ya nyundo, na nyundo iko tayari. Mlengaji hakufanya lolote ila kushika imara na kuvuta kifyatulio chepesi kwa mara nyingine.

Kwa mchezo wa shabaha faida yake ni dhahiri. Mlengaji hushinda kwa kulifanya jambo moja kwa namna ile ile mara nyingi, na bastola hii ilimpa kifyatulio kisichobadilika tangu risasi ya kwanza hadi ya sita. Dole gumba halikuwa na sababu ya kuondoka mpinini. Teke nalo lilipungua makali, kwa kuwa sehemu ya nguvu ilitumika kusukuma chuma badala ya kiganja.

Walter Winans, Mmarekani aliyezaliwa St. Petersburg na kuishi Uingereza, ndiye aliyeipa bastola hiyo sifa kubwa. Alikuwa mlengaji mashuhuri, aliyekuja kushinda nishani ya dhahabu ya kulenga katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908. Inasimuliwa kwamba mwaka 1902 aliitumia Webley-Fosbery kupiga risasi sita katika duara la inchi mbili, umbali wa hatua kumi na mbili, kwa sekunde saba. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la kustaajabisha. Lakini msomaji anayetaka kupima mambo kwa haki azitazame hatua hizo kumi na mbili. Ni kama mita tisa tu. Leo, katika shindano la kimataifa la bastola la mita 25, duara la alama kumi katika sehemu ya utulivu lina upana wa sentimita 5, sawa na lile la Winans, lakini liko zaidi ya mara mbili ya umbali ule. Hesabu hiyo haimpunguzii Winans heshima. Inaonyesha tu kwamba tendo la kuwastaajabisha watazamaji na jaribio la kupima silaha ni vitu viwili, na mnunuzi aghalabu huuziwa la kwanza akidhani amepewa la pili.

Dosari za bastola hii zilikuwa nyingi, na baadhi zingeonekana hata uwanjani. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo moja na robo bila risasi. Kwa sababu ya reli zile, mtutu ulikaa juu sana ya kiganja, na mtutu unaokaa juu huruka zaidi kila risasi inapotoka. Aidha, ilidai mkono imara. Mkono ukilegea, sehemu ya juu na ya chini hurudi pamoja, na mwendo wa reli usipokamilika silinda haigeuki sawasawa. Hivyo mtu mwenye kiganja chenye nguvu angeisifu, na mwingine aliyechoka baada ya risasi thelathini angeilaani, ilhali ni bastola ile ile.

Kubwa zaidi ni habari ya risasi mbovu. Katika bastola ya kawaida ya silinda, risasi ikikataa kulipuka mlengaji huvuta kifyatulio tena, chumba kingine kikaja. Hiyo ndiyo sababu polisi wa nchi nyingi waliipenda bastola ya silinda kwa muda mrefu hivyo. Webley-Fosbery iliitupa faida hiyo. Bila mlipuko hakuna teke, na bila teke silinda haigeuki. Kuikoki nyundo kwa dole gumba hakusaidii, kwa maana kutaipiga risasi ile ile iliyokataa. Ilimbidi mtu aisukume sehemu ya juu nyuma kwa mkono wa pili. Uwanjani hilo ni kupoteza alama chache. Mahali pengine ni kupoteza zaidi.

Na huko mahali pengine bastola hii ilifika. Maofisa wa Uingereza wa zama zile walijinunulia bastola zao wenyewe, kwa sharti kwamba zitumie risasi za jeshi za .455, yaani zenye upana wa karibu milimita 11.5. Baadhi yao, waliovutiwa na sifa za Bisley, walitoa mishahara yao kununua Webley-Fosbery, wakaenda nayo katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Katika mahandaki ya Ufaransa reli zilizong'aa uwanjani zikakutana na matope. Jeshi halikuwahi kuipitisha rasmi kuwa silaha yake, na mwaka 1915 lilichagua Webley nyingine, Mark VI, isiyo na reli wala zigizaga. Ukoo huo wa Webley za kawaida ndio uliojulikana pia katika majeshi na polisi wa makoloni ya Uingereza, Afrika Mashariki ikiwemo. Ni rahisi leo kumcheka ofisa aliyebeba bastola ya mashindano vitani. Lakini nani alimwambia? Katika uwanja mkavu, risasi safi, mafuta mapya na muda wa kutosha, kila alichoahidiwa kilikuwa kweli.

Kuna jambo jingine ambalo wenye familia watalielewa kuliko wachezaji. Bastola ya kawaida ya silinda, ikiisha kufyatua, hulala, nyundo yake ikawa chini. Webley-Fosbery haikulala. Mtu akiamriwa kuacha kupiga baada ya risasi ya tatu, tayari ilikuwa imejikoki kwa ajili ya ya nne, na kifyatulio chake kilikuwa chepesi. Kwa sababu hiyo ilitiwa kizuizi cha usalama upande wa kushoto, kitu kisicho cha kawaida kwa bastola za silinda. Sasa mfikirie mtu aliyezoea silaha isiyo na kizuizi kwa miaka kumi, mkono wake umefundishwa kwamba silinda ikitulia hatari imetulia. Mkono huo ndio utakaoiweka bastola mezani. Silaha geni haijaribiwi kwa chuma chake pekee, bali pia kwa mazoea ya yule atakayeishika.

Basi klabu ya askari au ya polisi inayoletewa bastola ya namna isiyozoeleka, ije kutoka kiwanda chochote, ingefanya vema kuipa mtihani mkali kidogo. Vyumba vya silinda vitiwe alama, na kila chumba kipigwe peke yake juu ya mfuko wa mchanga kwa umbali wa mita 25, maana bastola ya silinda ina vyumba vingi na mtutu mmoja, na chumba kimoja kisicholingana na mtutu huweza kuiharibu karatasi nzima huku mpigaji akijilaumu. Ipewe mikono mitatu tofauti, wa mwenye nguvu, wa mwembamba na wa mwanafunzi. Ipigwe risasi mia bila kusafishwa. Kisha, mwenyewe asijue, msimamizi atie ganda tupu katikati ya risasi nzima, na atazame mkono wa mpigaji utafanya nini nyundo itakapogonga bila mlio.

Wapo waliouliza kama silaha ya namna hiyo ni halali katika mchezo, kwa kuwa inamfanyia mtu kazi. Hoja hiyo ina uzito mdogo. Lengeo bora nalo humfanyia mtu kazi, na hata mpini uliochongwa kufuata kiganja. Shindano lenye sheria nzuri huweka vipimo, halafu huacha kila mtu achague. Katika shindano la leo la mita 25 la bastola kubwa, upana wa risasi ni kuanzia milimita 7.62 hadi 9.65, na kifyatulio kisiwe chepesi kuliko gramu 1,000. Kwa kipimo cha risasi Webley-Fosbery ya .455 ingekataliwa mlangoni. Ile ndogo ya .38, iliyobeba risasi nane, ingepita. Hiyo ya nane ni adimu mno, na hata sinema mashuhuri ya mwaka 1941, The Maltese Falcon, iliichanganya na kaka yake, ikataja ya .45 yenye risasi nane.

Bastola zinazojitia risasi zenyewe ndizo zilizoimaliza biashara ya Fosbery. Mauser ilikuwapo tangu 1896, na mwaka 1911 jeshi la Marekani likapitisha Colt. Webley-Fosbery zilizotengenezwa hazikufika 5,000. Hata hivyo wazo halikufa kabisa. Mtaliano Emilio Ghisoni alilifufua miaka ya 1990 kwa bastola yake Mateba Unica 6, inayojikoki kwa teke vile vile, ila alirekebisha kosa la mtutu kukaa juu: risasi hutoka katika chumba cha chini kabisa cha silinda, karibu na kiganja. Wazo lake la mtutu wa chini linaendelea katika bastola ya Chiappa Rhino, ingawa hiyo haijikoki yenyewe.

Kuhusu Bisley, bastola karibu zote zilipigwa marufuku Uingereza kwa sheria za mwaka 1997, baada ya mtu mwenye bastola kuwaua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane, Scotland, mwezi Machi 1996. Sheria iliacha nafasi finyu kwa silaha za kihistoria, ambazo huweza kutunzwa na kufyatuliwa katika vituo vichache vilivyoidhinishwa, na Bisley ni mojawapo. Kwa hiyo Webley-Fosbery ikiwa na mwenyewe aliye na kibali, bado inaweza kupigwa huko huko ilikoonyeshwa mara ya kwanza, kisha ikarudishwa katika ghala na kufungiwa.