Mizabibu ya Barossa na Migomba ya Buhaya

Msafiri atokaye mji wa Bukoba kwenda Muleba huona nchi ya namna mbili. Kwanza ni rweya, uwanda wa majani juu ya udongo maskini. Kisha, kama visiwa katikati yake, ni vijiji vyenye migomba iliyosongamana, na mibuni kivulini. Vijiji hivyo havikuota vyenyewe. Udongo wa vibanja ulinoneshwa na watu, kizazi baada ya kizazi, kwa samadi ya ng'ombe na kwa majani yaliyokatwa rweya na kuchukuliwa kichwani. Tena ndimo walimozikwa mababu. Kwa hiyo Mhaya hakihesabu kibanja kuwa shamba tu, bali ni nyumba ya ukoo.

Humo mna ndizi za kupika, na nyingine za pombe, ziitwazo embiire. Hizo huivishwa, humenywa, hutiwa katika mtumbwi wa mti pamoja na majani, na kukanyagwa kwa miguu hata zitoe maji matamu. Kisha huongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, mtumbwi hufunikwa, na lubisi huchachuka. Hiyo ndiyo divai ya nchi hii.

Wadachi walijenga boma Bukoba mwaka 1890, chini ya Emin Pasha. Wakaja maafisa, askari na wamisionari. Lakini wakulima wa Kidachi wenye kutwaa ardhi, kama walivyofanya Usambara, hawakuja huku kwa wingi. Vibanja vikabaki mikononi mwa wenyeji.

Nchi ambayo Wadachi waliijia na jembe ni Barossa, katika Australia ya Kusini. Walutheri wa Prussia, waliokataa ibada mpya iliyoamriwa na mfalme wao, walianza kuhamia Australia mwaka 1838. Mwaka 1842 walijenga kijiji cha Bethany katika bonde lile, wakapanda mizabibu. Karibu nao, huko Langmeil, iko mizabibu isemwayo kuwa ilipandwa mwaka 1843, nayo ingali ikizaa.

Imeponaje? Karne iyo hiyo mdudu mdogo akaaye mizizini, aitwaye filoksera, aliangamiza mizabibu ya Ufaransa. Mwaka 1877 alionekana Geelong, katika jimbo jirani la Victoria. Watu wa Australia ya Kusini walizuia miche ya kigeni isiingie, na mwaka 1899 sheria ikaweka baraza la kulinda mizabibu yao wote.

Sisi nasi tuna adui. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulionekana mkoani Kagera, huko Muleba. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa usaha. Dawa ya kuuponya hakuna. Wadudu huuchukua kutoka ua hata ua. Mwanadamu huuchukua kwa panga na kwa machipukizi.

Basi, ndugu msomaji, chane ya mwisho ikiisha kutokea, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, wala si kwa panga. Pitisha kisu motoni kabla ya kukata shina jingine. Usipokee chipukizi usilojua lilikotoka. Shina lililougua ling'oe ulizike, hata moyo ukiuma. Kwa maana ugonjwa haujui mpaka wa kibanja: mwenye bidii akiwa na jirani mvivu, wote wawili watabaki na rweya tu.