Kioo cha gari la Baba

Mama hana mazoea ya kupiga simu asubuhi. Kwa hivyo simu ilipolia kabla ya saa moja, nikiwa nyumbani kwangu Kitengela nafunga kamba za viatu, nilijua kwamba mambo si mazuri.

"Baba yako nusura aue mtu jana," alisema, kisha akanyamaza.

Baba alikuwa akitoka Illasit kurudi nyumbani Rombo. Nasema Rombo yetu ya Kajiado Kusini, si ile Wilaya ya Rombo iliyo ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Alipofika penye njia ya kuingia kwetu alikata kulia bila kuona bodaboda iliyokuwa ikimpita. Kijana wa watu aliona heri atumbukie mtaroni kuliko kugonga mlango wa gari. Aliumia goti. Abiria wake, mama aliyebeba mtoto mgongoni, aliinuka akijipangusa vumbi. Baba aliwapeleka hospitalini, akalipa, akaomba radhi.

Ndugu zangu wawili walitaka gari liuzwe wiki hiyo hiyo. Baba ana umri wa miaka 81. Alifundisha shule za msingi kwa miaka 34, na hajazoea kuambiwa na wanafunzi wake la kufanya. Alitusikiliza sote, kisha akasema, "Gari halina makosa, na mimi sina makosa. Kosa ni la kile kioo."

Msomaji, usicheke. Alikuwa na hoja.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 iliyoundwa mwaka 1972, naye aliinunua mwaka 1981 ikiwa imeshatumika. Wakati huo, mwenye 504 alikuwa mtu wa kuheshimika. Ni gari la aina hiyo lililompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili. Sisi watoto tulijua majina hayo kabla ya kujua majina ya mawaziri.

Kama magari mengi ya enzi hiyo, lilikuwa na kioo cha pembeni upande wa dereva pekee. Kilikuwa kidogo, cha mstatili, na mgongo wake wa chuma ulikuwa unang'aa. Kiling'olewa na ng'ombe aliyekuwa akipita sokoni, miaka sita iliyopita. Fundi mmoja akaweka kingine alichokitoa kwenye matatu, akatoboa mashimo mapya na kukaza kwa misumari ya parafujo.

Kioo hicho kilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, kilitetemeka. Kwenye barabara ya murram kila kitu ndani yake kiligeuka ukungu. Ya pili ni kwamba kilikuwa cha mbinuko, na kile cha asili kilikuwa bapa. Kioo cha mbinuko huonyesha eneo pana zaidi, lakini hufanya vitu vionekane vidogo, na kwa hivyo vya mbali. Dereva aliyezoea kioo bapa kwa miaka 30 na zaidi humwona mwenye pikipiki na kudhani bado ana nafasi tele.

Basi tukakubaliana. Nitafute kioo cha asili, kifungwe inavyotakiwa, halafu tuone. Kabla ya hapo Baba asiendeshe. Alikubali, lakini funguo alibaki nazo mfukoni.

Nilidhani kazi hiyo ingenichukua Jumamosi moja. Peugeot 504 ziliendelea kuunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, na barabara zetu zilijaa gari hizo. Nilianzia Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan. Hapo ndipo nilipoanza shule.

Nilifunzwa kwamba vioo vya 504 havifanani vyote, kwani umbo lilibadilika kadiri miaka ilivyosonga. Nilifunzwa pia kwamba kioo cha gari lililoundwa kwa ajili ya barabara za Ufaransa hukaa mlango wa kushoto, na kitako chake kimekatwa kwa mshazari wa upande huo. Ukikifunga kulia kitatazama angani. Magari ya Kiingereza nayo, kama Morris na Land Rover za zamani, hutumia skrubu za vipimo vya inchi, ilhali Peugeot hutumia milimita. Ukilazimisha moja ndani ya nyingine unaharibu zote mbili. Volkswagen za mgongo wa kobe za zamani ndizo zenye maajabu, kwani kioo chao hushikiliwa kwenye bawaba ya mlango.

Mzee mmoja wa vipuri alinionyesha namna ya kutambua kitu cha asili. Kwanza kipime mkononi uone uzito wake. Kisha tafuta alama ya kiwanda mgongoni au kwenye shingo. Mwisho, linganisha umbali wa matundu ya skrubu na ule wa matundu ya zamani mlangoni. Nilikuwa nimeuchora umbali huo kwenye kipande cha katoni, na kipande hicho kilinisaidia kuliko maneno yangu yote.

Wiki ya tatu, mahali pengine mjini, kijana mmoja aliniambia ningoje. Baada ya dakika 20 alirudi na kioo kilichofungwa ndani ya gazeti. Kilikuwa chenyewe hasa! Kinang'aa, kioo bapa, matundu sawasawa na katoni yangu. Alitaka shilingi 4,000. Nilikwishatoa pochi nilipoona mikwaruzo kwenye kona ya kioo. Mtu alikuwa amesugua herufi na tarakimu zikafutika nusu.

Kila mwenye gari jijini anajua maana ya alama hizo. Watu huchora namba za magari yao kwenye vioo kwa sababu ya wale vijana wanaoving'oa kwenye msongamano wa magari. Kuna waliokwenda kutafuta kioo kipya wakauziwa kile kile chao. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha sheria ya makosa ya jinai, na adhabu yake yaweza kufika miaka 14 gerezani.

Lakini sitakudanganya, msomaji. Sikuwaza sheria. Niliwaza kwamba mwenye kioo hiki huenda naye ni mzee kama Baba, na kwamba kesho atakata kona bila kuona. Nilirudisha pochi mfukoni. Kijana alinitukana, nami nikapanda matatu ya Kitengela mikono mitupu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama kweli, tena ndani ya banda la kuku. Fundi wangu wa Kitengela alikuwa amesikia kwamba karibu na Isinya kuna boma lenye 504 iliyokufa zamani. Tulimkuta mama mmoja mjane. Gari la marehemu mumewe lilikuwa limezama kwenye nyasi, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Mlango wa dereva ulikuwa umekula kutu chini, lakini kioo kilikuwepo, ingawa kimepasuka.

"Mume wangu alikuwa akikitumia kunyolea ndevu," mama alisema. "Kila Jumapili kabla ya kanisa."

Nilimweleza habari za Baba. Alikaa kimya kitambo, akauliza umri wake, kisha akamwita mwanawe alete bisibisi. Alipokea shilingi 2,500. Nilimwomba tuandikiane kwenye karatasi, naye akatia sahihi. Karatasi hiyo iko ndani ya gari hadi leo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono. Mkata vioo wa Kitengela alikata kipande kipya cha kioo bapa kwa kufuata mfano wa katoni. Fundi alilegeza ukingo kwa maji ya moto, akatoa vipande vya zamani na kubandika kipya.

Jumamosi iliyofuata tulisafiri naye kupitia Emali na Kimana hadi Rombo. Alijaza matundu mabaya ya yule fundi wa kwanza, akafufua yale ya asili. Kingo za bati alizipaka rangi ya kuzuia kutu, na chini ya kitako akaweka kipande cha mpira ili maji yasiingie mlangoni. Skrubu alizikaza kwa zamu, kidogo kidogo, kwani chuma hicho cha kumiminwa hupasuka ukikikaza kwa hasira. Kisha akamwita Baba.

"Mzee, kaa vile hukaa ukiendesha. Kioo hakirekebishwi mpaka kiti kikae sawa."

Waliweka mstari wa upeo wa macho katikati ya kioo, na ubavu wa gari ukaonekana ukingoni kwa wembamba wa kidole. Baba alitabasamu. Alisema anauona mlima. Kilimanjaro ulikuwa nyuma yetu kweli, mkubwa kama ukuta.

Tulikwenda kwenye uwanja wa shule usio na watu. Gari lilisimama. Mpwa wangu alikuwa na baiskeli hatua 60 nyuma. Baba alitakiwa kuangalia mbele na kwenye kioo kama dereva, na kupiga honi mara tu anapomwona kijana akija.

Kijana alikuja mpaka akagonga mlango kwa mkono. Honi haikulia.

Baba alitoa leso akafuta kioo. "Tena," akasema. Mara ya pili honi ililia kijana akiwa ameshafika kwenye bampa. Mara ya tatu haikulia.

Aliteremka. "Hebu kaa hapa wewe," aliniambia. Nikakaa. Mpwa wangu akaja tena.

"Wamwona?"

"Namwona, Baba."

"Tangu wapi?"

Nilitamani kudanganya. "Tangu alipoanza kupanda baiskeli."

Baba alikigusa kioo kwa kidole, kama mtu anayempa pole mgonjwa. "Basi kioo ni kizima," alisema. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka kwenye kiganja changu, akaenda upande wa abiria na kufungua mlango mwenyewe.

Wiki mbili baadaye tulimpeleka kwa daktari wa macho. Alipatikana na presha ya macho, ugonjwa ambao mara nyingi hula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, polepole, bila maumivu yoyote, hivi kwamba mwenyewe hajui. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone hulinda kilichobaki, na Mama ndiye anayemkumbusha.

Ndugu zangu hawazungumzi tena habari za kuuza gari. Kila nikienda Rombo, Jumapili nampeleka Baba kanisani kwa 504 yake. Hukaa kushoto, upande usio na kioo. Tukifika penye ile njia ya kuingia kwetu, kabla sijakata kulia, huniambia neno moja tu: "Kioo."

Nami huangalia, hata kama nimekwisha kuangalia.

Ukiwa na mzazi anayeendesha gari katika umri huo, msomaji, usianze na ugomvi wa funguo. Mpeleke kwanza apimwe macho. Sisi tulichukua miezi miwili na banda la kuku kufika hapo.