Nilivyojifunza Kuwapanga Chipukizi wa Pirates

Kila mwaka, msimu wa besiboli ukishafungwa na baridi kuingia Pittsburgh, huwa naandika orodha ya vijana 30 wa timu za chini za Pirates, kuanzia yule ninayemwona bora hadi wa thelathini. Sina cheo wala mshahara kwa kazi hiyo. Naifanya kwa mapenzi, na leo nataka kuitolea ushuhuda kwa sababu imenibadilisha. Simtazami tena kijana mwenye kipaji kwa macho niliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Nyumbani ni Mwanza, na timu yangu ya soka ilikuwa Pamba. Kule chipukizi tulimjua kwa sifa zake kabla hatujamwona akicheza. Ukisikia fulani kaitwa majaribio Dar es Salaam, fulani kasajiliwa kwa dau nono, basi huyo tayari ni mkali, na atakayebisha ana wivu. Nilipohamia Marekani na kuipenda besiboli, niliingia na kipimo hichohicho. Aliyechaguliwa mapema kwenye drafti, ambako klabu huchagua vijana kwa zamu, na kupewa mamilioni ya dola nilimweka juu. Aliyetoka Afrika nilimpandisha nafasi kadhaa, wala sikuona haja ya kumweleza mtu sababu.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: klabu ya Ligi Kuu ya besiboli haina kikosi kimoja cha vijana kama tulivyozoea kwenye soka. Ina ngazi. Pirates huanza na vijana wachanga kabisa katika Jamhuri ya Dominika na Florida, kisha Bradenton, kisha Greensboro, kisha Altoona, kisha Indianapolis, ndipo Pittsburgh kwenyewe, ambako kikosi cha kawaida ni wachezaji 26 tu. Kijana hupanda kwa miaka, mwingine huteremshwa, wengi huachwa njiani. Anayepanga orodha anajaribu kusema ni nani kati ya umati huo atakuja kuisaidia timu kule juu, na kwa kiasi gani.

Mwafrika niliyempandisha alikuwa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alifanya kazi kwenye klabu ya besiboli ya Randburg, jirani na Johannesburg, na familia iliishi hapohapo klabuni, kwa hiyo mtoto alikua uwanja ukiwa mlangoni pake. Pirates walimsajili mwaka 2008. Alicheza kama shotistopu, yule mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, mahali ambapo mipira mingi huja kwa kasi na muda wa kufikiri haupo. Mwaka 2014 nilikwenda kumtazama Altoona, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Pittsburgh. Nilifuatana na mzee mmoja Mmarekani, jirani yangu, ambaye amekuwa shabiki wa Pirates tangu enzi za nyota wao wa zamani Roberto Clemente.

Mikono ya Ngoepe ilinishangaza. Mpira uliochapwa chini kwa nguvu, ukidunda vibaya kwenye udongo, yeye aliuzoa kana kwamba aliujua utakakopita, na kabla mkimbiaji hajafika besi ya kwanza mpira ulikuwa umeshamtangulia. Nikamwambia mzee kwamba kijana huyu anastahili kuwa karibu kabisa na kilele cha orodha. Mzee akafungua daftari lake akanipa kalamu. "Usiniambie unampenda kiasi gani," akasema. "Nipe alama zake, moja moja."

Maskauti wa besiboli hupima kwa kipimo cha kuanzia 20 hadi 80. Alama 50 ni wastani wa mchezaji wa Ligi Kuu, 80 hupewa wachache mno, na 20 ni chini kabisa. Mpigaji hupimwa katika mambo matano: kuugonga mpira kwa uhakika, nguvu ya kuupeleka nje ya uzio, kasi ya miguu, ulinzi, na mkono wa kurushia. Upande wa ulinzi niliandika 70, na mzee akakubali bila kusita. Mkono na miguu tukaafikiana upesi. Tulipofika kwenye kugonga nilibaki nimeshika kalamu. Jioni ileile nilikuwa nimemwona akizungusha gongo hewani na kurudi benchi, na takwimu zake za misimu iliyotangulia zilisema habari hiyohiyo. Niliandika 30. Iliniuma kuiandika, na mzee hakunisukuma wala kunifariji.

Alama ile ndiyo iliyoanza kunigeuza. Kabla ya hapo kijana kwangu alikuwa mkali au hafai. Sasa nilikuwa na mtu mmoja mwenye mikono ya kuwashinda karibu walinzi wote wa ngazi ile na gongo ambalo lingemtesa kila akipanda, na ilinibidi niyashike yote mawili bila kulificha moja.

Tarehe 26 Aprili 2017 Pirates walimpandisha. Akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika kucheza Ligi Kuu. Mara yake ya kwanza kushika gongo, mbele ya mrushaji Jon Lester wa Chicago Cubs, aliuchapa mpira akafika besi ya kwanza salama. Nililia mbele ya televisheni. Mwaka ule aliichezea Pittsburgh michezo 28, na wastani wake wa kupiga ukawa .222 tu, yaani mapigo mawili yaliyofaulu katika kila zamu tisa. Mwaka uliofuata alicheza kidogo Toronto, na baada ya hapo Ligi Kuu haikumwona tena.

Alama 30 na machozi yangu vyote vilikuwa vya kweli. Ngoepe alifika mahali ambapo hapakuwahi kufika mtoto wa Afrika, na gongo lake halikutosha kumbakiza. Orodha huuliza swali dogo tu, huyu ataisaidia timu kushinda kwa kiasi gani. Haiulizi ametoka wapi wala amevuka milima mingapi. Tangu nilipolielewa hilo nimeacha kuilazimisha namba ibebe heshima yangu kwa mtu. Heshima naiandika kwa maneno, chini ya jina lake, aya nzima nikitaka, na namba naiacha ijibu swali lake.

Dau nalo lilipungua uzito machoni pangu. Kwenye drafti ya 2009 Pirates walichagua wa nne wakamchukua mdakaji Tony Sanchez, ambaye hakufikisha michezo 100 Ligi Kuu. Mike Trout alichukuliwa wa 25 na klabu nyingine, akaja kuwa bora kuliko wote wa kizazi chake. Starling Marte alisajiliwa kutoka Jamhuri ya Dominika kwa dola 85,000, fedha ndogo sana katika biashara hii, akashinda tuzo ya ulinzi ya Glavu ya Dhahabu mara mbili akiwa na Pirates. Lakini dau huweza pia kusema kweli: Paul Skenes, wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2023, alipewa dola milioni 9.2, na mwaka uliofuata tu akatajwa kuwa mchezaji bora mpya wa upande wake wa Ligi Kuu. Kwa hiyo fedha siidharau. Naisoma kama maoni ya klabu siku ya kusaini, na kila mchezo unaofuata unaleta habari mpya zaidi.

Kinachonishughulisha zaidi sasa ni umri ukilinganishwa na ngazi. Hapa ndipo Konnor Griffin aliponifundisha mengi. Pirates walimchagua wa tisa mwaka 2024 akitokea sekondari Mississippi. Miguu, mkono na nguvu hakuna aliyebishana navyo. Wasiwasi wa maskauti ulikuwa kwenye gongo, kwamba kule shuleni alikosa mipira mingi mno kwa kijana anayesifiwa hivyo. Nami nilikuwa na wasiwasi huo, nikauandika wazi. Msimu wa 2025 alianzia Bradenton, akapanda Greensboro, akamalizia Altoona, akiwa na miaka 19. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .333, akaupeleka mpira nje ya uzio mara 21 na kuiba besi 65, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe.

Watu wengi hushangilia hizo 21 na 65. Mimi nilitaka kujua kama kila ngazi mpya ilimbana. Vijana wengi wa Altoona wana miaka 23 au 24, wamepita vyuoni, na warushaji wa pale wanajua kuutuma mpira unaopinda mahali mpigaji asipoupenda. Mpigaji wa miaka 19 akifika pale na kuendelea kuchagua mipira yake kwa utulivu, hilo lina uzito kuliko wastani mkubwa wa mtu wa miaka 25 aliyerudia ngazi ileile. Kila jina kwenye orodha yangu sasa lina umri na ngazi kabla ya takwimu yoyote, na nimeona majina mengi yakishuka na mengine yakipanda kwa sababu hiyo peke yake.

Kuna jambo la nje ya uwanja ambalo kazi hii ilinifungua macho kuliona. Mtu wa nafasi ya 25 kwenye orodha ni mfanyakazi. Kwa miaka mingi vijana hawa walilipwa kidogo mno. Mwaka 2022 kima cha chini kwa mchezaji wa Altoona kilikuwa kama dola 13,800 kwa mwaka, wengi wakitafuta vibarua msimu ukiisha. Mwaka huohuo walijiunga na chama cha wachezaji, na mkataba wa 2023 ukakipandisha kima hicho hadi dola 30,250. Nilifurahi kana kwamba ni ndugu zangu. Na tangu hapo sijaandika tena kwamba kijana fulani "hafai". Naandika anachokosa na ngazi ambayo upungufu huo utamkwamisha.

Majuzi rafiki yangu Mganda, ambaye tunafanya kazi pamoja na kuzungumza Kiswahili, aliniuliza kuhusu David Matoma. Huyu ni mrushaji kutoka Uganda ambaye Pirates walimsajili mwaka 2023, na mpira wake wa kasi unapita maili 95 kwa saa.

"Kaka, wetu umemweka wa ngapi?"

"Wa 27."

Alinyamaza. Akaniuliza kwa upole kama kweli moyo wangu umeniruhusu. Nikamweleza kwamba moyo wangu uko na Matoma kila anapopanda kilimani kurusha, kwamba naufuata mchezo wake kuliko wa yeyote. Nikamwambia pia kwamba warushaji wa akiba, wanaoingia kumalizia mchezo, huwa na thamani ndogo kuliko wanaouanzisha; kwamba kasi yake ni ya Ligi Kuu tayari; kwamba mipira mingi mno bado inatoka nje ya eneo halali la kurushia; na kwamba mtoto aliyejifunzia besiboli Uganda ana miaka michache ya mazoezi kuliko wenzake, jambo linalofanya kazi aliyokwisha kuifanya iwe kubwa zaidi. Yote hayo yameandikwa chini ya jina lake, na aya yake ni ndefu kuliko ya Griffin.

Rafiki yangu aliomba nimtumie orodha, nikamtumia. Griffin ni wa kwanza, Matoma ni wa 27. Akiuweka mpira ndani ya eneo mara nyingi zaidi na kupata aina ya pili ya mpira ya kuaminika, mwakani nitampandisha, na sababu nitaiandika kabla ya namba.