Ukiagiza uji ugenini, jua jina lake

Ukibahatika kuzuru Uskoti, msomaji, jitahidi ufike Carrbridge, kijiji kidogo kilicho nyanda za juu za kaskazini. Tangu 1994 watu hukutana huko kushindana kupika uji. Si mzaha! Washindani hutoka nchi mbalimbali, na katika shindano kuu huruhusiwa vitu vitatu tu: oti, maji na chumvi. Sukari haina nafasi. Hukoroga kwa "spurtle", kijiti cha mviringo kisicho na bapa kama mwiko wetu wa ugali.

Oti ni nafaka iliyo jamaa ya ngano na shayiri, nayo huvumilia baridi na mvua pale ngano inaposhindwa. Mwingereza Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, aliwachokoza Waskoti akieleza kwamba Uingereza nafaka hiyo hulishwa farasi, ilhali Uskoti hulisha watu. Leo Waskoti wanajivunia chakula hichohicho.

Sasa shika majina. Ukimwagiza Mmarekani "oatmeal", atakuletea bakuli la uji ulioiva. Mskoti atakuonyesha unga mkavu, kwani uji kwake ni "porridge". Punje nzima iliyokobolewa ni "groats". Ikikatwa vipande, Marekani huitwa "steel-cut", na Uskoti "pinhead", yaani kichwa cha pini. Hiyo hukaa motoni karibu nusu saa. Ikipitishwa kwenye mvuke na kubanwa bapa ni "rolled oats", ambayo huiva kwa dakika kumi hivi. "Instant" ni nyembamba zaidi, na maji moto tu huitosha.

Ukiingia nchi zinazosema Kihispania, neno la kukumbuka ni "avena". Zile bapa, Uhispania huziita "copos de avena", na Mexico "avena en hojuelas". Iliyokatwa ni "avena cortada", na ya haraka ni "avena instantánea". Lakini tahadhari! Ukiagiza "avena" Colombia, usishangae kuletewa glasi ya kinywaji baridi cha maziwa na mdalasini. Ecuador nako kuna "cuáquer", kinywaji cha oti kilichochemshwa na tunda chachu liitwalo naranjilla. Jina hilo limetokana na Quaker, nembo iliyosajiliwa Marekani mwaka 1877.

Usidhani majina haya ni ya wasafiri tu. Pakiti zilizo madukani Nairobi zina maneno hayohayo ya Kiingereza, na kila neno lina gharama yake. Moja litakula gesi au makaa ya nusu saa. Jingine litakuwahisha watoto shuleni. Ikiwa nyumbani kuna anayeugua kisukari, kumbuka kwamba punje iliyokatwa tu huyeyuka tumboni polepole kuliko ile ya haraka, na baadhi ya pakiti za haraka hutiwa sukari kiwandani.

Kwa hivyo, kabla hujalipa, geuza pakiti usome.