Mboji Isiyopita Motoni

Nyumbani kwa bibi, Tanga, udongo haukuingia kwenye kopo la mrihani kabla ya kuivishwa. Alikuwa na debe lililokatwa ubavuni. Alilijaza udongo, akaunyunyizia maji, akaufunika kwa gunia bichi na kulitenga debe juu ya mafiga. Katikati alifukia kiazi kitamu kidogo: kiazi kikiiva, na udongo umeiva. "Udongo mbichi unakula miche, mjukuu wangu," alikuwa akisema.

Alisema kweli. Kinyausi, ugonjwa unaokata mche shingoni ungali mchanga, huletwa na vimelea wa udongoni, na wengi wao hufa joto likidumu kwenye nyuzi 60 kwa nusu saa. Mbegu za magugu ni sugu zaidi. Nyingi hutaka nyuzi 80 hivi.

Desturi hiyo nilihamia nayo Dar es Salaam. Nilipoanza kufuga nyungunyungu wekundu kwenye ndoo iliyotobolewa, nikiwalisha maganda ya ndizi na makapi ya chai, kila mboji niliyovuna ilipita kwenye mvuke. Sababu ilikuwapo. Rundo la kawaida la mboji hujipasha moto lenyewe hata likaua mbegu, lakini ndoo ya nyungunyungu haipashwi hivyo, maana wao wenyewe hawastahimili joto linalopita nyuzi 35 hivi. Mbegu ya nyanya ikitupwa humo hutoka hai, ikaja kuchipua kwenye chungu cha asumini.

Kilichonigeuza ni harufu. Mboji mbichi ya nyungunyungu hunukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Niliyoipika ilinuka ukali wa amonia, dalili kwamba moto umezidi. Na moto hauchagui: huua pia bakteria na kuvu wema, ambao ndio utajiri wenyewe wa mboji hii. Kimelea kibaya kikiingia baadaye hakikuti mpinzani.

Siku hizi naichekecha, nawarudisha nyungunyungu na mayai yao kwenye ndoo, naianika kivulini ipungue maji. Mche wa nyanya ukijitokeza chunguni, naung'oa kwa vidole viwili. Ni kazi ndogo mno kulinganisha na kuni na moshi.

Nawe ukitaka kuotesha mbegu, ivisha udongo na mchanga peke yake, uache upoe kabisa, ndipo utie mboji: sehemu moja kwa nne za udongo. Mboji yenyewe usiitie motoni.