Ujira na Huruma

Kazi ni moja katika mambo yanayomtambulisha mtu kwa wenziwe. Mgeni akiingia mjini huulizwa jina lake, kisha huulizwa kazi yake. Na asiye na jibu la swali la pili huhesabiwa nusu mtu, ijapokuwa amekuja na jina zuri. Watu wenye ulemavu wamenyimwa jibu hilo kwa muda mrefu, na aghalabu waliowanyima walikuwa watu wema. Walitoa sadaka kwa mkono wa kulia, wakafunga mlango wa afisi kwa mkono wa kushoto. Sadaka ina thawabu yake, wala haifai kubezwa. Lakini sadaka huisha jioni, na aliyeipokea huamka kesho na haja ile ile. Ujira humpa mtu chakula, kisha humpa haki ya kusema kwamba chakula hiki ni jasho langu.

Lugha ya Kiswahili ina shahidi katika jambo hili. Majina ya zamani kama kipofu, kiziwi na kiwete yamevikwa kiambishi ki-, ambacho huvikwa pia kiti na kisu. Lakini msemaji hasemi kipofu kimekuja. Husema kipofu amekuja. Jina linaonekana kama la kitu, kitenzi kinamrudishia mtu utu wake. Siku hizi husemwa mtu mwenye ulemavu, na usemi huo ni bora, maana humtanguliza mtu, ulemavu ukafuata nyuma. Hata hivyo, jina jipya halimpandishi mtu ngazi. Afisi inayobadili maneno katika barua zake, ikaacha vidato kumi na viwili mlangoni bila mteremko, imetengeneza adabu ya ulimi tu.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Methali hii hutumiwa kumwonya anayecheka, lakini ina somo kwa mwajiri pia. Maumbile ya mtu hayakamiliki siku ya kuzaliwa. Mashine, barabara, maradhi na uzee huendelea kuyafinyanga. Louis Braille alizaliwa Ufaransa mwaka 1809 akiwa na macho mazima. Alipokuwa na umri wa miaka 3 alijiumiza jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya babake, fundi wa ngozi, na maradhi yakahamia jicho la pili. Mahali pa kazi ndipo palipompofusha. Kijana huyo alitunga maandishi ya nukta nundu, ambayo kila alama yake hutokana na nukta sita, akayatangaza kwa kitabu mwaka 1829, na akawa mwalimu katika chuo kile kile cha Paris alikosomea. Laiti angalipewa bakuli la kuombea badala ya mahali pa kusomea na kusomeshea, hasara isingalikuwa yake peke yake.

Husemwa kwamba mtu wa namna hii hawezi kazi. Neno hilo halina ushahidi. Wasikilizaji wa redio ya Tanzania waliingojea taarifa ya habari kwa miaka mingi kwa mlio wa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, naye alikuwa kipofu. Mjini Iringa, karakana ya Neema Crafts ilianzishwa mwaka 2003 kwa vijana watatu viziwi, ikakua. Na katika mkahawa wake wahudumu viziwi hupokea agizo la mteja kwa maandishi. Ajabu ya mkahawa huo ni wepesi wa dawa yake. Karatasi na kalamu vimeondoa kizuizi kilichodhaniwa kuwa ukuta.

Hapo ndipo palipo na kiini cha shauri lote. Kizuizi kikubwa mara nyingi hakimo mwilini mwa mtu. Kimo katika mpango wa mahali. Mwenye kiti cha magurudumu huhitaji mteremko, mlango mpana na choo anachoweza kukiingia. Kipofu huhitaji kompyuta inayomsomea maandishi kwa sauti. Kiziwi huhitaji mkalimani wa lugha ya alama siku ya mkutano. Mwenye ualbino huhitaji kivuli, na maandishi makubwa ikiwa macho yake ni dhaifu. Baadhi ya haya yana gharama, lakini mwenye macho naye huwashiwa taa kila jioni, wala hakuna anayeiita taa hiyo hisani.

Sheria hazikunyamaza. Tanzania ilitunga sheria ya ajira ya watu wenye ulemavu mwaka 1982. Kisha sheria ya mwaka 2010 ikamwamuru mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba si chini ya asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliitaja lugha ya alama ya Kenya kuwa moja katika lugha rasmi za Bunge. Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kinawalinda hata wale waliopata ulemavu wakiwa kazini. Lakini sheria humwingiza mtu mlangoni. Haiwezi kumwekea kazi mezani. Yuko mwajiri anayeajiri watatu ili hesabu itimie, akawapa kiti pembeni, mshahara mwisho wa mwezi, na kazi isiyoongezeka mwaka hata mwaka. Huyo ameigeuza ajira kuwa sadaka yenye stakabadhi.

Heshima kamili ina pande mbili. Mtumishi mwenye ulemavu apewe nyenzo anazozihitaji, naye aulizwe mwenyewe ni zipi, maana mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Akisha kupewa, apimwe kwa kazi yake: akikosea aonywe, akifanya vyema apandishwe daraja. Msimamizi anayeogopa kumwonya kwa sababu ya huruma hatamwamini kwa jukumu kubwa, na asiyeaminiwa kwa jukumu kubwa hapandi.

Vyuo vikuu vina wajibu wa kwanza katika jambo hili, maana humo ndimo watokamo wasimamizi, wasanifu wa majengo na watunzi wa sheria. Mwanafunzi anayefundishwa miaka mitatu na mwalimu kipofu hatahitaji kuhubiriwa kwamba kipofu anaweza kufundisha. Asiyepata kumwona mwalimu wa namna hiyo atakwenda kusimamia afisi kwa mawazo aliyokuja nayo, na mwombaji wa kwanza mwenye fimbo nyeupe atakayebisha hodi ataulizwa anataka msaada gani, ilhali amekuja kuomba kazi.